Mlango Ambao Bishar Hakuuingia

Shemeji yangu Bishar hakuwahi kufanya jambo lolote bila kulichungulia kwanza. Akinunua kiberiti dukani, hukitikisa sikioni, hukifungua, huwasha njiti moja mbele ya mwenye duka, ndipo atoe pesa. Alipotaka kumwoa dada yangu Kaltun, alimtuma binamu yake kwetu Hadado mara mbili, wakati wa masika na wakati wa vuli, akamtazame anavyoteka maji, kana kwamba Kaltun wa vuli angekuwa mtu mwingine. Mama yetu, Hodo, alichoka na yule binamu akamwambia, "Nenda kamwambie mwenzako binti ana meno yote." Wakaoana mwaka 1985. Baadaye wakahamia Garissa, mtaa wa Bulla Iftin, nyumba ya nne kutoka kwangu, nami wakati huo nilikuwa nimeshaanza kufundisha shule ya msingi.

Sisi tuliozaliwa kwa wafugaji tuna neno la tabia hiyo: sahan. Kabla watu hawajahama na mifugo, humtuma mtu mmoja mwenye macho makali atangulie, siku mbili, tatu, hata saba, akaangalie mvua imenyesha wapi, majani yamefika magotini au yameishia kwenye vifundo, na kisima kina maji kiasi gani. Akirudi hupewa maziwa, hukaa chini, watu wote hunyamaza. Neno lake ndilo linalowahamisha au kuwabakisha. Baba yake Bishar alikuwa mtu wa sahan aliyejulikana kutoka Diff hadi Liboi. Bishar alisoma, akawa afisa wa mifugo mwenye sare na pikipiki ya serikali, lakini kazi ya baba yake aliirithi yote, na aliifanya hata pasipohitajika.

Mwaka 1994 alichaguliwa kwenda Lisbon, nchini Ureno, kwa mafunzo ya wiki tatu juu ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Wareno walikuwa nayo kwao, sisi tulikuwa nayo kwetu, basi wakakutana wagonjwa wa ugonjwa mmoja. Mtaa mzima ulijua safari hiyo. Mimi nilimwagiza chaki za rangi. Kaltun hakuagiza kitu. Alimwambia tu, "Ukaangalie watu wa huko wanajengaje nyumba, uje uniambie."

Huo haukuwa upuuzi. Kwetu nyumba ni kazi ya mwanamke. Mwanamume ana ngamia, mwanamke ana nyumba. Yeye ndiye anayekata fito na kuzipinda, anayesuka mikeka ya kuzifunika, na siku ya kuhama yeye ndiye anayeivunja nyumba, anaipakia juu ya ngamia, na kuisimamisha tena waendako kabla jua halijatua. Nyumba hiyo tunaiita aqal, na kwa kujenga aqal, Kaltun hakuwa na mwenzake. Hata mjini, ambako Bishar alimjengea nyumba ya mawe na mabati, alisimamisha aqal yake uani, na humo ndimo alimopumzika mchana na kupokea wageni. Ile ya mabati aliiita tanuri la Bishar. Alikuwa hajui kusoma wala kuandika, lakini ukimpeleka kwenye jengo lolote, hata benki, jambo la kwanza alilofanya ni kuinua kichwa na kutazama paa limeshikwa na nini.

Bishar alirudi mwezi wa Juni. Alasiri ile tuliketi ndani ya aqal, sisi watatu. Kaltun akampa maziwa ya ngamia, akakunja miguu, akasubiri. Bishar akanywa, akafuta mdomo, akaanza kutoa habari kwa mpangilio kama baba yake: nimetoka, nimefika, nimeona. Alisimulia ndege, alisimulia baridi, alisimulia ng'ombe wa Wareno waliopewa majina kama watoto. Kisha akafika kwenye siku yake ya mapumziko.

"Walitupa Jumapili moja tu," alisema. "Wenzangu wakaenda kununua viatu. Mimi nikauliza watu, wakaniambia kuna mji wa kale mlimani, Sintra, umejaa majumba ya wafalme. Kwa treni hata saa moja haifiki."

Akausimulia mji ule mpaka tukauona. Barabara zinazopanda zikijikunja, miti iliyolowa maji, ukungu uliokaa juu ya mlima kama maziwa yaliyochemka. Juu kabisa, ukuta wa ngome iliyojengwa na Waislamu karne nyingi zilizopita, ukipanda na kushuka juu ya mawe. Pembeni yake jumba la rangi nyekundu na manjano. Na chini, katikati ya mji, jumba jeupe lenye vitu viwili virefu vilivyochomoza juu ya paa, vipana chini na vyembamba juu, kila kimoja kirefu kuliko tangi lolote la maji aliloliona Garissa. Alikuwa amepima kila kitu. Kutoka stesheni hadi jumba jeupe ni dakika kumi na mbili kwa miguu yake, ishirini kwa miguu ya Kaltun. Basi la kwenda ngomeni linasimama wapi. Bomba la maji ya kunywa liko wapi. Mahali pa kusali adhuhuri bila kukanyagwa na watu. Siku gani ya wiki milango hufungwa.

Kaltun alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, "Ndani kulikuwa na nini?"

"Sikuingia."

"Hukufika mlangoni?"

"Nilifika. Nilisimama pale mpaka mwanamke wa tiketi akaniita kwa mkono."

"Na hukuingia."

"Ningeingiaje peke yangu, abaayo, mke wangu?" Bishar alisema, na uso wake ulijaa fahari. "Ile ilikuwa sahan. Mtu wa sahan hanywi kabla ya watu wake. Mwaka 1998 wanatuita tena kwa awamu ya pili, na safari hiyo mwenye mke atapewa chumba cha watu wawili. Tutakwenda Jumapili, siku moja, asubuhi hadi jioni. Tutaingia pamoja."

Nakiri kwamba nilimwonea wivu dada yangu. Mume wangu wakati huo alikuwa Nairobi na barua zake zilikuwa fupi kuliko risiti. Hapa palikuwa na mwanamume aliyefika kwenye mlango wa mfalme akakataa kuingia kwa sababu ya mke wake. Niliona ni mapenzi makubwa kuliko yote niliyowahi kusikia. Uso wa Kaltun sikuuangalia vizuri.

Bishar akatoa mfukoni postikadi aliyoinunua stesheni. Ilikuwa picha ya lile jumba jeupe na vile vitu viwili. Kaltun aliishika kwa ncha za vidole, akaigeuza huku na huku, akaisogeza kwenye mwanga wa mlango.

"Hivi ni nini?" akauliza.

"Minara labda," alisema Bishar. "Sikuuliza."

"Hili ni jiko," akasema Kaltun. "Hapa chini wanapika, moshi unatokea huku juu. Tazama, hakuna dirisha hata moja. Nani atajenga mnara bila dirisha?"

Bishar alicheka mpaka akakohoa. "Jiko la nani hilo? La majitu? Mfalme aweke jiko lake juu ya kila kitu, watu wakifika waone jiko kwanza?"

"Mwenye njaa angetaka kuona nini?" Kaltun alimjibu, kisha akanipa mimi ile kadi. "Arbia, wewe ndiye umesoma. Nyuma wameandika nini?"

Nyuma palikuwa na mistari miwili midogo ya Kireno. Sikujua hata neno moja. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja ya ualimu, watoto hamsini na wawili walisimama kunisalimu kila asubuhi, na katika familia yetu mimi ndimi niliyeletewa kila karatasi, barua za serikali na karatasi za dawa. Ingenigharimu nini kusema sijui? Hata leo nikiyafikiria nasikia aibu usoni. Niliitazama mistari ile, nikakunja uso kisomi, nikasema, "Wameandika ni makaburi. Chini ya kila moja amelala mfalme."

"Makaburi? Juu ya paa?"

"Ndivyo walivyoandika."

"Kama wameandika, basi," akasema Kaltun, akaichomeka ile kadi kwenye mkeka wa ukutani kwa mwiba, picha ikitazama ndani. Ilikaa pale karibu miaka minne.

Tangu siku hiyo safari ile ya siku moja ikawa kazi ya nyumba ile. Wengine walikuwa na shamba mtoni, wengine walikuwa na mbuzi wa kunenepesha. Kaltun na Bishar walikuwa na Jumapili yao ya mwezi wa Juni 1998. Kila alasiri nikipita baada ya shule niliwakuta wakibishana juu yake. Bishar alitaka waanze ngomeni, kwa sababu ilijengwa na Waislamu na adabu ni kuanza na watu wako. Kaltun alitaka waanze kwenye jumba jeupe, kwa sababu magoti yake asubuhi ni mazima na jioni ni ya bibi kizee. Bishar alichora njia kwa fimbo kwenye mchanga wa uani, stesheni hapa, bomba hapa, basi hapa, na kuku walipoifuta aliichora upya. Walikubaliana wabebe tende na chupa ya chai, kwa maana chai ya Wareno, alisema Bishar, haina maziwa wala iliki wala huruma. Kaltun alisuka mkeka mdogo wa kusalia, mwekundu na mweusi, ambao ungetandikwa ngomeni kwa sala ya adhuhuri.

Kila baada ya siku chache aliuliza tena lile swali, kwa njia nyingine. Sakafu ya ndani ni ya nini? Milango ni ya mbao au chuma? Wanawake wa mfalme walikuwa na upande wao? Bishar alimjibu kila mara kwa furaha ileile: "Tutaona. Nikikwambia sasa utakuta nini?"

Mwaka 1995 mama alikuja kututembelea kutoka Hadado. Bishar akamsimulia safari ile yote, kwa mpangilio, pamoja na mlango na mwanamke wa tiketi. Mama alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akamkazia macho.

"Hii ni sahan gani?" aliuliza. "Baba yako, Mungu amrehemu, akifika kisimani alishuka, akaingiza mkono, akaonja. Akirudi alisema, maji yale yana chumvi, au, maji yale ni matamu. Hakusema, nimeona mti wa kijani kwa mbali, njooni twende tukaonje pamoja. Watu na mifugo wangekwisha njiani."

Bishar alijifanya anacheka. Alitoka akaenda kuangalia mnyororo wa pikipiki yake, ambao haukuwa na tatizo lolote. Mimi nilimkemea mama, nikamwambia haelewi mapenzi ya siku hizi. Mama alinitazama kama anavyomtazama mbuzi aliyekula sabuni.

Tatizo kubwa lilikuwa pasipoti. Kaltun alizaliwa malishoni, hakuna cheti. Na mwaka 1989, serikali ilipowakagua Wasomali wote na kuwapa kadi za rangi ya waridi, alikuwa mbali na ngamia wa baba, kwa hiyo kadi hakupata. Bishar alizunguka ofisi kwa miaka mitatu. Siku moja nilimsindikiza, na karani, kijana mpole kutoka bara, alimwuliza safari ni ya nini.

"Ni safari ya siku moja, ndugu yangu," alisema Bishar kwa Kiswahili chake cha Kisomali, kisichojua herufi p. "Asubuhi tunabanda treni, jioni tunarudi."

"Ureno? Kwa siku moja?"

"Habana. Ureno ni wiki tatu. Lakini safari yenyewe ni siku moja."

Karani alikuna kichwa. Akamwuliza cheti cha kuzaliwa cha bibi, Bishar akamwambia waliokuwepo siku hiyo ni mkunga na ngamia, na mkunga amefariki. Karani alicheka, lakini faili haikusonga. Tulileta chifu, tukaleta wazee wawili wa Hadado waape, tukaleta mama mwenyewe. Hatimaye, mwezi wa Oktoba 1997, pasipoti ikatoka. Kaltun aliifungua akajiona kwenye picha, akasema, "Huyu mwanamke ana hasira gani?" Siku ile tulikula mbuzi.

Safari kubwa haianzi bila baraka ya mzazi. Kaltun akaamua kwenda Hadado kumwonyesha mama pasipoti na kuombewa dua, kisha arudi kabla ya Ramadhani. Siku moja kabla ya kuondoka nilimkuta aqalini akimalizia pindo la ule mkeka mdogo. Bishar alikuwa kazini.

"Arbia," alisema bila kuinua kichwa, "nikikwambia neno, utalifunga mdomoni?"

"Sema."

"Mimi sina haja ya kupanda ndege. Nilifika Nairobi mara moja tu, nikaumwa kichwa siku tatu. Nilitaka mtu aniambie ndani kuna nini. Basi. Angeingia, akatazama paa, akaja akaniambia, ningekuwa nimeshiba tangu mwaka ule."

Nilishtuka. "Mwambie basi. Au mwambie aandike barua kwa wale wenzake wa mafunzo, wamwulizie."

"Nimwambie nini? Miaka mitatu na nusu anapanga. Mwone anavyochora na fimbo yake. Acha. Nitakwenda, nitavumilia hiyo ndege." Akakata uzi kwa meno. Kisha akaichomoa ile kadi ukutani, akanipa. "Hebu nisomee tena hayo makaburi. Kila nikiitazama hii picha naona jiko tu, macho yangu yamekataa kabisa."

Hapo ndipo Mungu alinipa nafasi ya pili. Tulikuwa wawili tu. Hakuna ambaye angenicheka. Niliigeuza kadi, nikaitazama ile mistari miwili ambayo nilikuwa siielewi kama siku ya kwanza, nikasoma, "Makaburi ya wafalme wawili."

"Haya," akasema Kaltun, akairudisha ukutani.

Alipanda lori la kwenda Wajir, njia ya Hadado, asubuhi. Wiki hiyohiyo mvua ikaanza, na wote waliokuwa hai mwaka ule wanajua ilivyokuwa. Haikuwa mvua ya kumshukuru Mungu na kunyamaza. Tana ilitoka kwenye kingo zake, barabara zikakatika, malori yakazama hadi kwenye milango, na Garissa ikawa kisiwa. Ramadhani iliingia Kaltun akiwa bado Hadado. Bishar alikwenda kila siku kituo cha polisi kuomba atumie redio, na kila siku aliambiwa watu wa Hadado wako salama, ni maji tu.

Kisha mifugo ikaanza kuharibu mimba. Mbuzi, kondoo, ngamia, kundi zima kwa usiku mmoja. Bishar alijua hiyo si kawaida. Alituma ujumbe kwa redio kwamba watu wasiwazalishe wanyama kwa mikono mitupu, wasichinje wagonjwa, wasinywe maziwa mabichi. Sijui ujumbe ulifika Hadado siku gani. Kaltun alikuwa amesaidia mbuzi wa mama kwa wiki nzima, akiingiza mkono, akivuta vitoto vilivyokufa. Homa ilimshika siku ya tisa ya Ramadhani. Siku ya kumi na tatu alizikwa, na redio ikatuletea habari siku ya kumi na nne, saa nne asubuhi, nikiwa nasahihisha madaftari.

Bishar alifika kaburini siku kumi na moja baadaye, kwa ndege iliyokuwa ikipeleka chakula. Mama alimrudishia begi la Kaltun. Ndani mlikuwa na nguo mbili, pasipoti, na ule mkeka mdogo.

Sikumwambia Bishar aliyoniambia Kaltun. Nilijidanganya kwamba ninatunza siri ya marehemu. Ukweli ni kwamba nilimhurumia, na nilimkasirikia vilevile, na sikujua nitaanza na lipi. Kila nilipopita uani kwake niliona mistari ya fimbo kwenye mchanga ikiwa imesombwa na mvua, na aqal ikiwa imeinama upande mmoja. Desturi ni kwamba aqal huvunjwa na mwanamke. Kaltun hakuacha binti. Kazi ilikuwa yangu, na niliiahirisha kila wiki.

Mwezi wa Machi walikuja wataalamu wa mifugo kutoka nchi mbalimbali kusaidia kuchanja. Mmoja alikuwa mtu wa Msumbiji, wa pwani ya kaskazini, anayezungumza Kiswahili cha kwao. Bishar alifanya naye kazi wiki mbili, akamkaribisha chakula cha mchana, akaniomba nije kupika. Baada ya kula mgeni aliomba aone nyumba ile ya mikeka, maana hajawahi kuona namna hiyo. Tukainama tukaingia sote watatu.

Aliisifu kazi ya mikono. Kisha akaiona ile kadi. "Ah! Sintra!" akasema. "Mimi nilisoma Ureno. Nani alikwenda huko?"

"Mimi," alisema Bishar. "Mwaka tisini na nne."

Mgeni akachomoa mwiba kwa uangalifu, akaigeuza kadi, akasoma kwa sauti, kwanza kwa Kireno, kisha kwa Kiswahili. "Jumba la wafalme. Dohani mbili za jiko." Akaturudishia kadi huku anatabasamu. "Ni jiko kubwa ajabu lile. Ukisimama katikati, ukitazama juu, dohani inakuzunguka yote, na mbinguni unaona tundu dogo tu. Walikuwa wakioka ng'ombe wazima humo. Lakini wewe unalijua, ulikwenda."

Bishar alishika nguzo ya aqal, ufito ule wa kati ambao Kaltun aliupinda mwenyewe. Mgeni alidhani amemkosea, akaanza kuomba radhi, mimi nikamtoa nje nikampa chai.

Mgeni alipoondoka, nilirudi. Alikuwa ameutandika ule mkeka mdogo mwekundu na mweusi mbele ya mlango wa aqal, na ameketi juu yake.

"Shemeji," nikasema, "mimi sijui Kireno. Sikuwahi kujua."

Nilitaka anitukane. Ningefarijika. "Kumbe," akasema. "Alisema ni jiko, nikamcheka."

"Ulimcheka mara moja. Mimi nilimsomea makaburi mara mbili. Mara ya pili aliniomba siku moja kabla hajaondoka. Alisema macho yake yanakataa." Nikamweleza na yale mengine, kwamba hakuitaka ndege, kwamba alitaka habari tu, kwamba barua moja kwa wenzake ingetosha. Nilisema yote bila kupumzika, nikilia, bila kupanga kipi kitangulie.

Bishar alisikiliza hadi mwisho, kama Kaltun alivyomsikiliza yeye. Kisha akauliza, "Alisema ningeingia tu?"

"Alisema angekuwa ameshiba."

Aliinamisha kichwa. Adhana ya alasiri ikapita. Mimi niliingia jikoni nikachemsha maziwa, nikamletea katika kikombe cha Kaltun, kwa sababu ndicho kilichokuwa karibu. Akanywa, akafuta mdomo. Nikakaa mbele yake, nikakunja miguu.

Sijui nani alinituma kuuliza. Labda nilitaka mtu mmoja katika nyumba ile apate jibu, hata kwa kuchelewa. Labda nilidhani maneno ya yule mgeni yangemsaidia aniambie kitu, chochote, jinsi tundu lile la mwanga linavyoonekana ukiwa chini.

"Bishar," nikamwuliza, "ndani kulikuwa na nini?"

Akatazama paa la aqal, fito kwa fito, kama anazihesabu.

"Sikuingia," akasema.